Pikipiki mchangani: somo la kuendesha, kutunza na kurudi nyumbani salama

Huenda leo ukashangaa kukuta habari za tairi, cheni na oili mahali ulipozoea kusoma habari za malaria na shinikizo la damu. Usishangae. Katika vijiji vingi vya visiwa vya Lamu na bara yake, pikipiki ndiyo inayompeleka mama mja mzito zahanati, mwalimu shuleni na samaki sokoni. Na ni hiyo hiyo inayowarudisha wengine nyumbani wakiwa wamevunjika miguu. Kwa hiyo pikipiki ni jambo la afya, sawa na maji ya kunywa na chandarua.

Tuseme kuna kijana wa Siyu, kisiwani Pate, aliyenunua pikipiki yake ya kwanza. Amefundishwa na rafiki yake kwa siku mbili tu: namna ya kuwasha, kubadilisha gia na kufunga breki. Asubuhi moja anampakia abiria anayewahi mashua Mtangawanda. Njiani wanaingia mahali penye mchanga laini. Gurudumu la mbele linaanza kuyumba. Kijana anashtuka, anafunga mafuta ghafla na kubana breki ya mbele. Pikipiki inalala upande wa kulia, na eksozi yenye moto inamkandamiza mguu. Mwendo wake haukufika hata kilomita 30 kwa saa. Watu wanamtoa, wanampaka dawa ya meno kwenye jeraha, naye anaendelea na kazi. Siku ya nne mguu umevimba na una usaha. Sasa yeye mwenyewe ndiye anayehitaji mashua ya kumpeleka hospitali.

Kisa hicho ni cha mfano, lakini wasomaji wetu wa visiwani watakubali kwamba si kigeni. Ukikichunguza utaona kwamba kijana huyo hakuumizwa na mwendo wa kasi. Aliumizwa na mambo madogo ambayo hakuna aliyemwambia: namna ya kupita mchangani, nguo za kuvaa, upepo wa tairi, na huduma ya kwanza ya kuungua. Hayo ndiyo masomo yetu ya leo.

PIKIPIKI GANI?

Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliziondolea pikipiki ndogo kodi ya ongezeko la thamani, na tangu hapo zikaenea kila kona ya nchi. Nyingi kati ya hizo ziliundwa kwa ajili ya barabara. Zina tumbo la chini, tairi nyembamba zenye michoro midogo, na shoki fupi.

Ziko nyingine zilizoundwa kwenda kotekote, lami na porini. Utazitambua kwa tairi zenye vibonge vikubwa, gurudumu la mbele lililo kubwa kuliko la nyuma, shoki ndefu na tumbo lililo juu. Mifano yake ni Yamaha DT 125 na Honda XL 125. Maafisa wa afya, mifugo na kilimo wamezitumia pikipiki za namna hii kwa miaka mingi. Faida yake ni kwamba hupita juu ya mawe na mizizi bila kugusa. Hasara yake ni urefu: mtu mfupi hafikishi nyayo zote mbili chini, na asipojifunza vizuri ataanguka akiwa amesimama tu.

Iwe yako ni ya aina gani, masomo ni yale yale.

KWANZA JIVIKE

Watafiti waliokusanya matokeo ya uchunguzi mwingi kutoka nchi mbalimbali walikuta kwamba kofia ya pikipiki hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi. Hakuna dawa ya duka la dawa itakayokupa kinga kama hiyo kwa kuvaliwa tu. Lakini kofia isiyofungwa mkanda huruka kabla kichwa hakijafika chini. Na kofia iliyowahi kugongwa kwa nguvu haifai tena, hata kama nje inaonekana nzima, kwa sababu sponji lake la ndani limekwisha kubonyea.

Sheria ya trafiki ya Kenya inamtaka dereva na abiria wote wawili wavae kofia na jaketi lenye kung'aa, na inaruhusu abiria mmoja tu. Wengine husema, "Huku kwetu hakuna polisi wa barabarani." Ni kweli, lakini mzizi wa mkoko na jiwe la matumbawe havikuulizi kama polisi yupo.

Vaa viatu vinavyofunika kifundo cha mguu, si kandambili. Vaa suruali ndefu ya kitambaa kizito, kwani ndiyo itakayokaa kati ya ngozi yako na eksozi. Mwenye kikoi au kanzu avae suruali ndani, na nguo ya juu aikusanye na kuifunga. Glavu husaidia, kwa sababu mtu anayeanguka hutanguliza viganja. Miwani ni ya lazima: chembe moja ya mchanga jichoni hufumba macho yote mawili, na mita kadhaa za njia hupita bila dereva kuona.

MAHALI PA KUJIFUNZIA

Tafuta uwanja mpana usio na watoto, punda wala mifugo. Uwanja wa mpira usiku wa mechi haujafika ni mahali pazuri, mradi uombe ruhusa.

Usiende kujifunzia kwenye vilima vya mchanga vya Shela. Vilima hivyo si mchanga wa bure. Hupokea maji ya mvua, huyachuja na kuyahifadhi chini, na visima vilivyoko huko ndivyo vinavyowanywesha watu wa Lamu. Oili au petroli ikimwagika pale inaweza kuishia mtungini. Pia usipite juu ya fukwe, zaidi ya alama ya maji makuu, mahali ambapo kasa hutaga mayai. Na vichochoro vya Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, vilijengwa kwa upana wa mtu na punda. Huko si mahali pa mwanafunzi wa pikipiki.

SOMO LA KWANZA: MIZANI

Siku ya kwanza usiwashe injini. Tembea ukiisukuma pikipiki, uinamishe kidogo upande huu na upande ule, ili ujue ni wakati gani uzito wake unakushinda. Kisha ilaze chini polepole na ujifunze kuiinua. Watu wengi huumia mgongo hapa, si katika kuanguka. Usiiname na kuivuta kwa mikono. Funga petroli, geuka uipe siti mgongo wako, chuchumaa, shika usukani kwa mkono mmoja na chuma cha nyuma kwa mkono mwingine, halafu nyanyuka kwa nguvu za mapaja huku ukirudi kinyumenyume hatua ndogo ndogo.

Siku ya pili washa injini na uende polepole juu ya ardhi ngumu. Chora namba nane mara ishirini, kwa gia ya kwanza. Anayeweza kwenda polepole bila kugusa chini ataweza kwenda popote.

Siku ya tatu jifunze kusimama juu ya vikanyagio huku pikipiki ikienda. Magoti yapinde kidogo, yaguse tangi. Viwiko vikae nje. Mikono ishike usukani kama mtu anayeshika kifaranga: asimwachie, wala asimwue. Unaposimama hivyo, mashimo humezwa na magoti badala ya uti wa mgongo. Dereva anayekaa kitako kutwa nzima kwenye njia ya mashimo hupigwa pingili za kiuno mara maelfu, na hapo ndipo yanapoanza yale maumivu ya mgongo ambayo vijana wengi huyapeleka kwa wakandaji.

SOMO LA PILI: UPEPO WA TAIRI

Tairi ngumu hukata mchanga kama kisu na kuzama. Tairi iliyolegezwa kidogo hupanuka, kama wayo wa ngamia, na kupita juu. Upepo wa kawaida umeandikwa katika kitabu cha pikipiki au kwenye kibandiko kilicho karibu na cheni. Ukijua kwamba safari yote ni ya mchanga laini na huna abiria, unaweza kushusha mpaka paundi 18 hivi. Usishuke sana chini ya hapo. Tairi yenye tyubu ikilegea mno huteleza juu ya rimu, huvuta mahali pa kujazia upepo na kuling'oa.

Ukiwa na abiria au mzigo, punguza kidogo tu. Na kabla hujarudi kwenye lami, kwa mfano unapotoka vijijini kuingia barabara ya Mokowe, Witu na Garsen, jaza upepo tena. Tairi laini juu ya lami hupata moto, huyumba kwenye kona na hupasuka. Kwa hiyo mwenye pikipiki ya mchangani asitoke bila pampu ndogo na kipimo cha upepo.

SOMO LA TATU: KUPITA MCHANGANI

Juu ya lami tairi hushika. Juu ya mchanga tairi huelea, kama mashua. Usukani utacheza kushoto na kulia hata kama hukuugusa. Hiyo si hitilafu, ndiyo tabia ya mchanga. Anayeshindana nao huchoka mikono na mwisho huanguka. Anayeuacha ucheze kidogo hupita.

Mambo ya kufanya ni haya:

1. Kabla hujaingia mchangani, chagua gia. Ya pili hufaa mara nyingi. Usibadilishe gia katikati.

2. Simama, na uzito wako uurudishe nyuma kidogo ili gurudumu la mbele liwe jepesi.

3. Tazama mbali, kule unakotaka kwenda. Ukitazama chini ya gurudumu utakwenda chini ya gurudumu.

4. Mafuta yawe ya namna moja. Usukani ukianza kuyumba, ongeza kidogo. Hapa ndipo kijana wetu wa Siyu alipokosea: alipofunga mafuta, uzito wote ulihamia mbele na gurudumu likazama.

5. Usiguse breki ya mbele ndani ya mchanga laini. Ukitaka kusimama, punguza mafuta taratibu na uuache mchanga wenyewe ukusimamishe.

6. Kugeuka, kanyaga zaidi kikanyagio cha upande unakokwenda. Usivunje usukani kwa nguvu.

7. Ukikwama, usizungushe gurudumu, kwani utachimba kaburi la pikipiki. Shuka, tia gia ya kwanza, tembea kando yake huku ukitoa mafuta kidogo.

8. Ukiona unaanguka, miguu ibaki juu ya vikanyagio, na pikipiki ikishalala iache. Mguu unaotolewa nje kuizuia pikipiki yenye uzito wa zaidi ya kilo 100 ndio unaovunjika.

Mchanga uliolowa, ule unaoachwa na maji yanapokupwa, ni mgumu na huvutia kama lami. Tahadhari. Katikati yake kuna mahali palipolainika pasipoonekana kwa macho, na wakati wa bamvua maji hurudi haraka. Isitoshe, maji ya chumvi ni adui wa kila chuma. Tope la mikoko nalo usilijaribu kabisa. Zunguka, hata kama njia ni ndefu. Mwenda pole hajikwai.

Abiria asipakiwe mpaka dereva awe amepita mchangani peke yake siku nyingi bila kuanguka.

ABIRIA NA NGUO ZAKE

Hapa kwetu wanawake wengi hukaa upande mmoja kwa ajili ya staha. Tunaiheshimu staha hiyo, lakini ni lazima tuseme ukweli: anayekaa upande hana mizani, na mchangani ndiye wa kwanza kuanguka. Mwenye kuvaa suruali ndani ya buibui anaweza kukaa kwa kutanua miguu na staha ikabaki. Akikaa vyovyote, buibui, leso na mtandio vikusanywe vyote na kukaliwa. Kitambaa kikiingia kwenye cheni au spoki, humvuta mtu kwa nguvu kuliko anavyoweza kupiga kelele. Dereva ndiye mwenye wajibu wa kutazama, na kusema kwa adabu, "Mama, samahani, kusanya buibui," kabla ya kuondoka. Kifuniko cha cheni kisitolewe kamwe.

Mtoto asiwekwe juu ya tangi. Pikipiki ikisimama ghafla, huyo ndiye anayekuwa mto wa kifua cha dereva. Mja mzito aendeshwe polepole, njia laini ichaguliwe, na mtu mwingine asiongezwe nyuma yake. Akiwa na damu au uchungu mkali, njia nyingine ikiwapo, pikipiki isitumike.

DAKIKA KUMI ZA ASUBUHI

Mwaka 1988 Mwingereza Barry Coleman na Mmarekani Randy Mamola, aliyekuwa dereva wa mashindano ya pikipiki, walizuru Somalia, jirani zetu wa kaskazini. Waliona vyombo vya usafiri vya huduma za afya vimelala bure kwa kukosa matengenezo madogo. Chanjo na dawa zilikuwapo, cha kuzifikisha hakikuwapo. Kutokana na hayo, wao pamoja na Andrea Coleman walianzisha shirika la Riders for Health, lililofanya kazi katika nchi kama Lesotho, Gambia na Zimbabwe. Fundisho lao kuu lilikuwa hili: usingoje chombo kiharibike, na anayekiendesha ndiye awe mlinzi wake wa kwanza. Wahenga wetu walikwisha sema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kila asubuhi, injini ikiwa baridi, kagua haya:

Tairi na spoki. Bonyeza tairi, tazama miiba na nyufa. Gonga spoki moja moja kwa spana ndogo. Iliyokaza hulia, iliyolegea hutoa sauti ya kopo bovu.

Breki. Bana ya mbele na sukuma pikipiki; kanyaga ya nyuma na fanya vivyo hivyo. Breki za ngoma huingiwa na mchanga, hivyo zifunguliwe na kusafishwa mara kwa mara. Usipulize vumbi lake kwa mdomo. Futa kwa kitambaa kibichi, kwani vumbi la breki halifai mapafuni.

Cheni. Iinue kwa kidole katikati. Kwa pikipiki nyingi ndogo za barabara icheze sentimita 2.5 hadi 3.5 hivi, na zile za shoki ndefu huhitaji zaidi. Fuata kitabu chako. Itie oili jioni baada ya kazi, si asubuhi, kisha futa iliyozidi. Cheni inayochuruzika oili hukusanya mchanga na kugeuka msasa unaojila wenyewe.

Chujio la hewa. Kwenye mchanga likaguliwe kila wiki. La sponji lioshwe kwa maji na sabuni, likaushwe kivulini, litiwe oili kidogo na kukamuliwa. La karatasi halioshwi. Likungʼutwe, na likichakaa libadilishwe. Usiendeshe bila chujio hata siku moja. Mchanga ukiingia ndani hula pistoni, na injini huanza kutoa moshi wa buluu.

Oili ya injini. Pima pikipiki ikiwa imesimama wima mahali palipo sawa. Penye vumbi, oili ibadilishwe mapema kuliko kitabu kinavyosema. Oili chafu isimwagwe mchangani. Iweke kwenye dumu.

Nati, bolti na nyaya. Mtikiso hulegeza kila kitu. Pitisha mkono kwenye usukani, vikanyagio na eksozi. Jaribu taa na honi.

Ikiwa pikipiki imerushiwa maji ya bahari, ioshe siku hiyo hiyo kwa maji matamu. Ndoo moja na kitambaa vinatosha.

Haya yote ni afya. Cheni inayokatika saa nane za usiku kati ya Faza na zahanati haimkatikii dereva peke yake. Humkatikia na mgonjwa aliyempakia.

SUMU ZILIZOKO GEREJI

Kuna tabia moja mbaya sana: kunyonya petroli kwa mpira na mdomo. Petroli haihitaji kufika tumboni ili kudhuru. Tone dogo likiteleza kuingia mapafuni linaweza kuleta nimonia kali, na watu hufa kwa hiyo. Tumia mpira wenye pampu ya mkono. Aliyemeza petroli au mafuta ya taa asitapishwe, wala asinyweshwe maziwa kwa nguvu. Apelekwe hospitali mara moja, hasa akikohoa au akihema kwa shida.

Usinawe mikono kwa petroli. Huondoa mafuta ya ngozi, huipasua na kuipa sumu njia ya kuingia. Tumia sabuni ya unga na mchanga kidogo, kisha maji. Oili iliyokwisha tumika isikae juu ya ngozi kwa muda mrefu, maana ikizoeleka kwa miaka inaweza kuleta saratani ya ngozi. Na petroli isiwekwe kwenye chupa ya soda. Watoto wamekunywa.

UKIANGUKA, AU UKIMKUTA ALIYEANGUKA

Zima injini, funga petroli, na uhakikishe hakuna anayevuta sigara karibu.

Kuungua na eksozi. Mwagia maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20 mfululizo. Usipake dawa ya meno, samli, unga, kahawa wala oili; huziba joto ndani na kuleta uchafu. Usipasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi kisichonata na uende zahanati.

Damu. Bana jeraha kwa kitambaa safi na usifunguefungue kutazama. Kama damu inapenya, ongeza kitambaa juu yake.

Shingo na mgongo. Majeruhi asiinuliwe kwa kushikwa makwapa na miguu. Akihema vizuri, aachwe na kofia yake. Kofia itolewe tu ikiwa hahemi au anatapika ndani yake, na watolewe na watu wawili: mmoja ashike shingo isicheze, mwingine avute. Abebwe juu ya ubao au mlango, na ndani ya mashua pia abaki juu ya ubao huo.

Kichwa. Mtu anaweza kuinuka, akacheka, akaenda nyumbani, kumbe damu inavuja ndani ya fuvu. Kwa siku mbili atazamwe na watu wa nyumbani. Akitapika mara kwa mara, akisinzia isivyo kawaida, kichwa kikizidi kuuma, akichanganyikiwa, akipata degedege, au damu na maji vikitoka puani au masikioni, asingoje asubuhi. Apelekwe hospitali, iwe ya Faza au King Fahd mjini Lamu, iliyo karibu zaidi.

Pepopunda. Vijidudu vyake hukaa katika udongo na kinyesi cha wanyama. Sisi tunaishi na punda kila njia, kwa hiyo mchubuko wa njiani si mchubuko mdogo. Osha jeraha kwa maji mengi na sabuni, na uulize zahanati kama unahitaji sindano ya kinga.

MWILI WA DEREVA

Joto la kaskazi na kofia kichwani hukausha mwili bila kujua. Chukua maji, unywe kabla ya kiu. Mkojo wa rangi ya chai ya rangi ni onyo. Mwenye kufunga apange safari ndefu za mchangani asubuhi, si saa kumi jioni mwili ukiwa umechoka. Miraa haiondoi uchovu, huuficha tu, na siku ukijitokeza hutokea pamoja na shimo. Mikono ikifa ganzi au vidole vikichomachoma, pumzika. Ni dalili kwamba unashika usukani kwa nguvu mno.

JIPIME

Jibu bila kutazama juu, kisha urudi kuhakikisha.

1. Usukani ukianza kuyumba mchangani, utaongeza mafuta au utafunga?

2. Kwa nini tairi ijazwe upepo tena kabla ya lami?

3. Cheni itiwe oili wakati gani, na kwa nini?

4. Aliyeungua na eksozi amwagiwe maji kwa dakika ngapi?

5. Aliyemeza petroli atapishwe au asitapishwe?

Ukipata yote matano, mfundishe na mwenzako. Ukikosa hata moja, leo usipakie abiria. Chukua pikipiki uende uwanjani, uanze na namba nane. Na kwa wazazi wanaomnunulia kijana pikipiki: kabla ya kumkabidhi ufunguo, mkabidhi kofia mbili, pampu ya upepo na siku saba za kujifunza. Hizo siku saba hazirudishwi na hospitali yoyote zikishakosekana.

Kwa leo tuishie hapa. Endesheni kwa afya.